Umwite Mimi

Lori langu nilikuwa silizimi njiani. Lenyewe lilizimika lilipotaka, mlimani, mtoni, mbele ya wateja. Lakini mimi kulizima kwa mkono wangu kabla sijafika nyumbani, hilo sikuthubutu. Likishapata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe, na kupoa kwake ni saa nzima ya kukaa kando ya barabara ukitukana.

Nililinunua mwaka wa arobaini na saba, kwenye mnada wa magari ya jeshi kule Nakuru. Tani tatu, rangi ya kijani. Nikaringa nalo mji mzima wa Kisii. Miezi miwili haikupita, maringo yakaniisha. Rejeta inachemka. Platini zinaungua. Boneti haifunguki mpaka uipige ngumi kushoto kisha uinue kulia, na siri hiyo hakuna aliyeijua ila mimi. Fundi wangu Manasseh alipong'oa mbao za sakafu pale anapokaa dereva, alikuta bati la chini jeusi, limekunjamana.

"Bwana Shueib, hii gari iliwahi kushika moto," akaniambia.

Nikamwambia apake rangi, aache maneno.

Sasa jioni ninayoizungumzia ni ya mwaka wa arobaini na tisa, mwezi wa mvua. Tulikuwa tunatoka Gesima na magunia ya wimbi. Mke wangu Batuli kakaa pembeni yangu, mimba imebakiza wiki mbili kwa kauli ya mkunga. Nilimkataza kuja. Lakini alitaka wimbi la uji wa uzazi alichague mwenyewe, na Batuli akishasema, limekwisha. Isitoshe, nilikuwa namwonea huruma. Tulikwishazika watoto wawili. Huyu wa tatu tulikuwa hata hatumtaji, tunaogopa kumtia kijicho.

Jua lilikuwa linazama tulipopita Keroka. Mvua nyembamba, barabara utelezi mtupu.

"Shueib," Batuli akasema. "Chupa imepasuka."

Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Magunia yakarukaruka nyuma. Tukaupata mlima wa kuelekea Kiogoro, na katikati ya mlima lori likakohoa mara mbili.

Likazimika.

Kimya... Mvua tu juu ya turubai, na Batuli anauma upindo wa kanga yake asipige kelele.

Lori lile kuliwasha kulitaka watu wawili. Mmoja mbele anazungusha hendeli, mwingine ndani anakanyaga mafuta pale pale linaposhika, akichelewa kidogo tu, basi. Batuli hawezi hata kunyoosha mguu. Nikazungusha peke yangu, nikakimbia kukanyaga, nikarudi kuzungusha, mpaka mkono ukanikataa. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya lori, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndipo niliponusa harufu.

Nguo iliyoungua. Kwenye mvua ile.

Mtu alikuwa amesimama karibu na taa ya kushoto. Koti refu la jeshi, kola imeinuliwa. Siku hizo nusu ya wanaume wa Kisii walivaa makoti kama yale, kwa hiyo sikushtuka. Nilifurahi kuona binadamu.

"Bado inafanya hivi?" akauliza, sauti ya chini sana.

"Inafanya," nikajibu. Sikujiuliza kitu. Mke wangu alikuwa anazaa garini, nijiulize nini?

Akaipiga boneti ngumi kushoto. Akaiinua kulia. Ikafunguka.

Akaingiza mkono mtupu kwenye injini ya moto, polepole, wala hakuurudisha. Nikasikia kitu kinagongwa mara mbili. Akafunga, akaichukua hendeli mkononi mwangu, akaniashiria nipande. Lakini kabla ya kuzungusha alikuja dirishani akamtazama Batuli, akalitazama na tumbo.

"Mtoto akizaliwa," akasema, "umwite mimi."

"Nitakuita mara mbili, ndugu yangu. Washa tu."

Kwetu sisi watu wa mjini hayo ni maneno ya shukrani. Mtu akikufaa, unamwahidi jina, akienda zake unasahau, naye hana neno.

Akazungusha nusu duara. Injini ikanguruma, tangu niinunue haijanguruma vile. Nikatoa kichwa nje.

"Jina lako nani?"

Akajibu. Niliuona mdomo ukifunguka na kufumba. Injini ikaimeza sauti.

"Nani?"

Akajibu tena. Sikusikia.

Gari la mtu mwingine, angelizima. Kitambo kidogo tu, asikie neno moja, awashe aende. Mimi sikuweza. Nilimpungia mkono, nikaachia klachi, nikamwacha amesimama kwenye moshi na hendeli yangu mkononi.

Asubuhi hendeli niliikuta chini ya kiti, mahali pake.

Mtoto alizaliwa usiku huo huo nyumbani, wa kiume, mzima. Siku ya saba tukachinja, akanyolewa nywele, nikampa jina la marehemu baba yangu, Jaffer. Shekhe alipolitamka tu, mtoto akaanza kulia.

Hakunyamaza.

Si kilio cha njaa, wala cha tumbo. Mama yeyote anavijua vilio hivyo, na Batuli alisema hiki hakijui. Kilikuwa kilio cha mtu anayeita kutoka mbali. Ziwa akipewa anageuza uso. Alinyonya matone tu, pale uchovu ulipomzidi. Hospitalini wakampima, wakasema hana ugonjwa. Shekhe akamsomea mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu ya kilio, ya nne, ya tano. Mashavu yakaanza kuingia ndani, na Batuli akawa ananitazama kwa macho yale yale ya tulipowazika wale wawili.

Na lori, nisikufiche, halikuwahi kuwa zima vile. Nusu duara, limewaka. Rejeta haichemki hata kwenye mlima wa Keumbu. Manasseh alifurahi. Mimi nilianza kuliogopa, maana nilielewa kwamba yule mtu wa mlimani upande wake alikuwa anatimiza, na mimi wangu bado.

Aliyetufumbua macho ni Drusilla, mama wa Kikisii aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Mtoto hii analilia jina," akasema. "Kwetu, mtu akikufa bila mtoto anatafuta mahali ya kurudi. Munaita majina ya wafu wenu, moja moja. Akisikia yake, ananyamaza."

Batuli akamweleza habari ya mlimani. Drusilla akatua kibuyu chini.

"Mulikubali?"

"Tulikubali."

"Na hamukuuliza ni nani?"

"Niliuliza," nikasema. "Injini ilikuwa inanguruma."

Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikanitisha kuliko kilio. Akaondoka. Maziwa hakuleta tena.

Nikapanda mpaka pale mlimani, mchana kweupe, nikabisha boma kwa boma. Nani kwenu alikuwa dereva jeshini na hakurudi? Mzee mmoja, Angwenyi, akaniuliza nataka kujua kwa nini. Nikamwambia ukweli wote. Nilikosea hapo. Mzee akasema, "Wetu alikuwa anaitwa Mogire. Hakuwa dereva. Lakini nenda umuite."

Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango, watu walikuwa wamekaa nje.

Walitoka Kiogoro, Keroka, Gesima, wengine mpaka Ogembo. Kina mama kwa kina baba, kimya kimya, wamevaa nguo zao za kanisani. Kila mmoja ana jina la kijana aliyekwenda vitani akapotea huko, bila kaburi. Sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Waliingia mmoja mmoja, wakamwinamia mtoto, wakanong'ona. Nyangate. Mogire. Nyangate mwingine. Mtoto alikuwa akisikia jina ananyamaza kidogo, kama anasikiliza... kisha anaanza upya. Na yule aliyeita anatoka nje akijifuta macho kwa kiganja.

Siku sita mfululizo. Mtoto sauti ilikwisha, ukabaki mdomo umefunguka na kifua kinapanda na kushuka. Kulia bila sauti. Mimi niliketi pembeni ya kitanda na mikono yangu hii inayofungua injini nzima na kuirudisha, sikuwa na la kuifanyia.

Siku ya kumi na mbili ya kilio, nje alibaki mama mmoja tu. Alikuwa amekaa ukutani tangu juzi, wala hakuinuka kuingia. Wenziwe walimwita Mong'ina. Alitoka Gesima.

"Mama, na wewe umeleta jina?" nikamuuliza.

"Sina jina ya kuleta. Mtoto yangu hajakufa."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kumsikia anavyolia."

Akaendelea kusema, anatazama mbele yake.

"Watu wa jeshi walileta barua. Wakasema gari yake ilishika moto, na yeye ndani. Hawakunionyesha hata jivu. Miaka saba naweka chakula yake."

Nikakumbuka bati jeusi chini ya mbao. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, mlangoni kwangu, majirani wanaona.

"Mama, mwanangu anakufa."

"Na mimi nikiita," akasema, "yangu amekufa."

Batuli alitoka ndani, sijui alisikia kiasi gani. Hakuomba, hakulia. Alimweka mtoto mapajani mwa yule mama, akakaa chini kando yake.

Mong'ina alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio.

"Ombui," akanong'ona.

Mdomo wa mtoto ukafumba.

Tulisubiri aanze upya. Hakuanza. Akaigeuza shingo, mtoto wa siku kumi na nane, shingo ambayo ilikuwa haijakaza, akamtafuta yule mama kwa macho mpaka akampata. Mong'ina akaanza kulia, kilio cha msiba, cha miaka saba yote.

Jioni ile mtoto alinyonya mpaka akalala. Mong'ina alipoinuka kwenda, akaamka akalia. Mong'ina akarudi, akanyamaza. Tulijaribu hivyo mara tatu. Mara ya nne Batuli akaanza kufunga nguo zake.

"Nitaenda atakakokubali kunyonya," akasema.

Niwazuie vipi? Niliwapeleka mimi mwenyewe Gesima kwa lori lile lile. Ziwa alipewa na Batuli, lakini njia nzima alilala mapajani mwa Mong'ina. Lori halikukohoa hata mara moja.

Shekhe alinigombeza. Jamaa wakasema nimelogwa na Wakisii. Wengine wakasema mtoto alikuwa na tumbo tu, likapona lenyewe, na bibi kizee kamzoea. Huenda. Mimi kila wiki nilipeleka sukari na mafuta ya taa, nikaketi kidogo kwenye ua wa Mong'ina, nikamwita Jaffer. Hakuwahi kugeuka.

Alipotimiza mwaka na miezi akaanza kutembea. Siku hiyo nilifika mchana. Batuli alikuwa anapepeta wimbi uani, Mong'ina amekaa mlangoni nyuma yake. Mtoto alikuwa amesimama karibu na lango, mikono mbele. Akanitazama, akatabasamu, akatamka neno lake la kwanza.

"Baba."

Paketi ya sukari ikaniponyoka. Nikachuchumaa, nikafungua mikono yote miwili.

Akageuka. Akaniacha nimechuchumaa, akatembea kwa kuyumbayumba, akampita na Batuli, mpaka mlangoni. Akajilaza mapajani mwa Mong'ina.

"Baba," akamwambia.

Kwa Kikisii, baba maana yake ni mama. Batuli alikwishalijua hilo. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupepeta.