Blanketi la Viraka la Klementina

— Leonidas, hebu nisomee hicho kikaratasi.

Leonidas akatazama chini. Kikaratasi kilikuwa kimebanwa kwa pini kwenye blanketi la viraka, zuri kuliko yote yaliyotundikwa darasani mle, shule ya kisiwani, mkabala na bandari ya Kipili, ziwani. Tangu asubuhi boti zilikuwa zinaleta watu kwenye maonesho: mikeka, picha za rangi, vinyago na mablanketi ya akina mama.

— Soma basi. Au umesahau kusoma?

— "Kazi ya Bertilla, fundi cherehani, Sumbawanga."

— Nani kalishona?

— Wewe, Klementina.

— Miezi mingapi?

— Minane.

— Na huyo dada yako kalishika lini?

Ilikuwa mwaka 1992, ile miaka ya ruksa ya kuuza na kununua, kila mwenye kichwa cha biashara anakimbizana na mitumba. Leonidas naye alileta marobota ziwani kutoka Sumbawanga, ila marobota yenyewe yalikuwa ya Bertilla, dada yake aliyemlea. Akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Mdogo wangu, andika jina langu. Jembe la posa wamelipokea, huyo binti ni wetu, na kazi ya mikono yake ni ya nyumba yetu. Mama Fransiska mwenye nyumba ya wageni anakuja huko kutafuta fundi wa mablanketi thelathini. Atampa mtu wa kisiwani asiye na duka? Usiniangushe."

Klementina aliisoma mara mbili. Alikuwa mpole, lakini mpole si mjinga.

— Kumbe jembe lilikuja kuposa mikono! Mimi nilidhani mnaniposa mimi.

— Nilifikiri ndivyo inavyokuwa, Klementina. Si tunakuwa nyumba moja?

— Nyumba moja, ndiyo, na jina langu nitaingia nalo humo ndani. Sikiliza. Mimi sipigi kelele mbele za watu. Utasema wewe. Ukinyamaza, baba analirudisha jembe lenu leo hii, kabla boti ya mwisho haijaondoka.

— Lakini Bertilla ndiye kanilea...

— Najua. Na mimi ndiye unayetaka kunioa.

Saa nane mchana Mama Fransiska akaingia, na nyuma yake Bertilla mwenyewe, kitenge kipya, hereni zinaning'inia. Mama Fransiska alifika mbele ya blanketi akalipapasa taratibu.

— Mungu wangu! Fundi yuko wapi?

— Ni mimi hapa, mama, — Bertilla akasema, hata mate hakumeza.

Sasa mwenzangu, kuna jambo Bertilla hakulijua. Kule kisiwani blanketi la viraka halishonwi kwa kitambaa cha dukani. Mshonaji anapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inatoa kipande cha nguo yake. Kwa hiyo watu wote waliojaa mle ndani walikuwa wanatazama nguo zao wenyewe! Walinyamaza tu kwa adabu, maana Leonidas, mchumba wa mshonaji, alikuwepo, na wa kusema kwanza ni yeye.

— Na hiki kipande cha buluu katikati, umekipata wapi? — Mama Fransiska akauliza.

— Hicho... kimetoka dukani kwangu, mama.

Bibi Epifania, mmoja wa wenyeji, akaguna, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Leonidas alimwona, na hapo akashindwa kuvumilia.

— Si kweli.

— Leonidas! — Bertilla akafoka.

— Nisamehe, dada. Umenilea na ninakuheshimu. Lakini hicho ni kipande cha shati la marehemu mzee Wilibrodi, mume wa bibi huyu, aliyezama ziwani. Hiki cheupe ni cha ubatizo wa mtoto wa Herieth yule pale. Blanketi hili amelishona Klementina, mchumba wangu, kwa mkono na sindano. Kikaratasi niliandika mimi, na niliandika uongo.

Akakichomoa, akakichana vipande vipande.

— Basi kesho usikanyage kwangu kufuata robota!

— Sitakanyaga, dada.

Bertilla akatoka bila kuaga mtu. Mzee Theodory, baba yake Klementina, akamsogelea binti yake.

— Mwanangu, jembe la watu tulirudishe?

Klementina akamtazama Leonidas aliyesimama pale hana robota, hana mtaji, jasho linamtiririka. Alimpenda kuliko jana, na hakuona haya kuonesha.

— Libaki, baba.

Wee! Vigelegele vilivyopigwa mle, hata waliokuwa ufukweni walikuja mbio kuuliza kuna nini. Mama Fransiska akasubiri vitulie, kisha akatandaza karatasi ya makubaliano juu ya dawati.

— Mablanketi thelathini, binti. Mchumba wako akusainie?

— Hapana, mama. Nitasaini mwenyewe, jina langu lote. Huyu aandike hapo chini, kwenye nafasi ya shahidi.

Leonidas akapokea kalamu kwa mikono miwili, akaandika.