Moshi Katika Nyumba ya Bibi Dorotea

Bibi Dorotea aliishi peke yake katika nyumba kubwa. Nyumba hiyo ilikuwa katika kijiji cha Igunguli, upande wa Sengerema, si mbali na kivuko cha Kamanga. Asubuhi, ukungu ukishaondoka, mtu akisimama nyuma ya nyumba aliliona ziwa, na ng'ambo yake vilima vya mawe vya Mwanza.

Mume wake aliijenga nyumba ile kwa matofali ya kuchoma. Wakati huo watoto walikuwa wengi na kelele zao zilijaa uani. Sasa mume alikuwa amefariki, na watoto walikuwa wameondoka kutafuta maisha. Nathaniel, mtoto wa kwanza, alikuwa fundi magari huko Ilemela, Mwanza. Wadogo zake walikuwa Geita na Dar es Salaam. Haikuwa nyumba yake tu. Karibu kijiji kizima kilikuwa hivyo. Vijana walikwenda mijini, wazee wakabaki na nyumba.

Asubuhi Bibi Dorotea alipalilia mihogo. Mchana aliwapa kuku chakula na kupumzika kivulini. Asubuhi na jioni alipika.

Zamani alikuwa na jiko la nje. Mvua za masika ya mwaka uliopita ziliuangusha ukuta wake, na hapakuwa na mtu wa kuujenga upya. Basi akayahamishia mafiga ndani ya nyumba, katika chumba cha nyuma. Chumba hicho kilikuwa na dirisha dogo, lakini alikuwa ameliziba kwa kipande cha bati kwa sababu ya kuogopa wezi. Kuni zilikuwa za shida. Alichoma magunzi ya mahindi na mabua ya pamba. Yakiisha, alichoma kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi ulijaa chumbani hadi darini. Bibi alikohoa, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akaendelea kupika.

Furaha yake ilikuwa Sabina. Sabina alikuwa mtoto wa jirani, bado mdogo, hajaanza shule. Mama yake, Suzana, aliolewa hapo kutoka Ukerewe, na mume wake alivua samaki visiwani. Kila jioni Sabina alipita kwenye mwanya wa ua wa minyaa na kuuliza, "Bibi, leo kuna nini?"

"Leo kuna viazi, mjukuu wangu. Kaa hapo mlangoni, usiingie kwenye moshi."

Mtoto alikula viazi mlangoni, na Bibi alimsimulia habari za watoto wake walipokuwa wadogo.

Siku moja Sabina hakuja. Kesho yake hakuja pia. Bibi alisikia kwamba mtoto ana homa kali na amepelekwa zahanati. Alichemsha uji, akaufunika vizuri, akaupeleka kwa Suzana.

Suzana alisimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo, bibi," alisema, akitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Amelala."

"Nimemletea uji."

"Asante, bibi. Ameshakula."

Bibi Dorotea alirudi nyumbani na uji wake. Siku zilizofuata, alipokwenda kisimani, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza. Mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Mwangalie macho. Mekundu kama damu. Na mtoto alikuwa anashinda kwake."

Ndoo ikawa nzito mkononi. Bibi alijua maneno hayo yana maana gani. Alimkumbuka mwanamke wa kijiji cha pili, mzee kama yeye, ambaye watu walimwita mchawi kwa sababu ya macho yake. Yule mama aliacha nyumba, shamba na mbuzi wake, akakimbilia kwa ndugu. Hakurudi tena.

Tangu siku hiyo Bibi Dorotea alijifunika khanga hadi karibu na macho. Alipiga simu kwa Nathaniel.

"Mama, njoo ukae na sisi," Nathaniel alisema. "Chumba ni kimoja, lakini tutabanana."

"Na kaburi la baba yako nimwachie nani? Na mihogo?"

"Mama, watu wakianza maneno hayo, si mchezo. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua."

Bibi hakubisha. Alipokata simu, alikaa ukumbini akitazama kuta za nyumba yake, akalia.

Asubuhi moja alikuwa akipika mapema. Alisikia sauti mbili upande wa pili wa ua. Moja ilikuwa ya Suzana. Nyingine ilikuwa ya Shamsia, muuguzi kijana wa zahanati. Shamsia alikuwa mwenyeji wa Kirumba, Mwanza. Alipangiwa kazi Igunguli, lakini hakupata nyumba karibu. Alipanga chumba mbali, kwenye senta ya maduka, na kila siku alitembea kwenda na kurudi.

"Mtoto amepona vizuri," Shamsia alisema. "Kile chandarua kilichochanika umeshona?"

"Nimeshona, dada. Lakini..." Suzana alishusha sauti. "Watu wanasema ni yule bibi. Usipite kwake."

"Suzana, tulimpima Sabina damu. Kipimo si ulikiona mwenyewe?"

"Nilikiona."

"Kilionyesha nini?"

"Malaria."

"Malaria inaletwa na nini?"

"Mbu," alijibu.

"Basi. Na macho ya bibi nitayatazama mimi mwenyewe, sasa hivi."

Bibi Dorotea alisikia hatua zikizunguka ua. Kisha akasikia neno ambalo halikuwa limesikika mlangoni pake kwa siku nyingi.

"Hodi!"

Aliacha kupika, akakimbilia mlangoni. "Karibu," alisema. "Karibu sana."

Shamsia alimfuata hadi chumba cha nyuma. Hata kabla ya kumaliza kuamkia, alianza kukohoa. Machozi yakamtoka. Wakatoka nje wote wawili. Shamsia alinawa mikono kwa sabuni, akamketisha Bibi penye mwanga, akamfunua khanga taratibu.

"Yanawasha?"

"Yanawasha, mwanangu. Asubuhi yanagandana. Nimeweka maji ya majani, lakini wapi."

"Usiweke tena majani, bibi. Wala dawa ya kuazima kwa mtu. Inaweza kuharibu jicho kabisa. Unapika humo kila siku?"

"Kila siku. Jiko langu la nje lilianguka."

"Basi macho yako yameunguzwa na moshi. Na huko kukohoa pia ni moshi. Hata hivyo twende kituo cha afya ukapimwe, maana jicho la mzee linaweza kuwa na ugonjwa mwingine pia. Yote yana majina, bibi. Na mengi yana dawa."

Bibi Dorotea alimshika mkono. Alitaka kusema jambo, lakini pikipiki iliingia uani. Alikuwa Mihayo, mwenyekiti wa kitongoji. Alizima injini, akabaki amesimama, akizungusha funguo kidoleni.

"Shikamoo, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mihayo alikuwa amemwita hivyo tangu utoto.

"Marahaba, baba. Karibu."

"Watu wamenijia, mayu. Wanataka niitishe mkutano."

"Mkutano wa nini?"

Mihayo alitazama viatu vyake. "Wa kukuzungumzia wewe."

Bibi aliirudisha khanga usoni. Shamsia alimshika bega.

"Mwenyekiti," Shamsia alisema, "mambo mazito hayaongelewi kwa kusimama. Ingia ndani tukae. Ugali unakaribia."

Bibi aliingia kusonga ugali. Mihayo alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Shamsia alisimama mlangoni. Kinyesi cha ng'ombe kilifuka. Mihayo alikohoa. Akapikicha jicho moja, halafu la pili. Alitaka kuinuka.

"Subiri kidogo, mwenyekiti," Shamsia alisema. "Bado haujaiva."

Mihayo alivumilia kwa kuona haya. Mwisho alishindwa, akatoka mbio huku akikohoa.

"Jitazame kwenye kioo cha pikipiki yako," Shamsia alimwambia.

Mihayo aliinama penye kioo. Alijiona ana macho mekundu, kope zimevimba. Akajifuta kwa shati. Akatazama tena.

"Nimekaa muda wa kusonga ugali mmoja," alisema.

"Yeye anakaa humo asubuhi na jioni, tangu masika ya mwaka jana," Shamsia alisema. "Na kabla ya hapo amewapikia watoto wake kwa kuni maisha yake yote."

Mihayo hakugeuka haraka. "Mama yangu alikuwa na macho haya haya," alisema. "Alikufa hatoki nje, kwa kuogopa maneno ya watu." Kisha akamgeukia Bibi Dorotea. "Mayu, mkutano nitauitisha. Lakini utakuwa mkutano mwingine."

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, wanakijiji walikutana penye uwanja wa shule. Bibi Dorotea alikaa pembeni kabisa, amejifunika. Shamsia alieleza habari za moshi. Alisema macho mekundu ni ugonjwa, kama kidonda au homa. Hata yasipopona, ni ugonjwa tu. Mtu hawi mchawi kwa sababu ya macho yake.

"Mbona mtoto aliumwa?" mzee mmoja aliuliza.

Watu walimtazama Shamsia. Lakini aliyesimama ni Suzana.

"Mtoto ni wangu," alisema. "Aliumwa malaria. Kipimo nilikiona kwa macho yangu. Chandarua changu kilikuwa kimechanika. Bibi alituletea uji, nami nikamrudisha nao." Akamgeukia Bibi Dorotea. "Nisamehe, bibi."

Bibi Dorotea aliishusha khanga hadi mabegani. Watu wote wakaona uso wake. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Uji upo siku zote."

Mihayo akamalizia kwa sauti kali. "Kumtisha mzee au kumfukuza kwake ni kosa la jinai. Atakayejaribu, mimi nitampeleka polisi. Sasa nani ana matofali ya kulijenga upya jiko la mayu?"

Ujenzi ulianza wiki hiyo hiyo. Wanaume waliusimamisha upya ukuta wa jiko la nje, mbali na vyumba vya kulala. Waliweka madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, na vyuma vya kuzuia wezi. Wanawake walichota udongo wa kichuguu. Waliukanyaga pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, wakajenga jiko lenye matundu mawili ya sufuria. Nyuma yake walijenga bomba la kutolea moshi, likapita juu ya paa.

"Sufuria likae liguse kingo," Shamsia alisema. "Mkiacha nafasi, moshi utatoka hapo."

"Tuwashe leo?" Suzana aliuliza. Alikuwa na udongo hadi viwikoni.

"Hapana. Likauke kivulini kwanza, hata wiki mbili. Mkiwasha likiwa bichi litapasuka. Na kuni ziwe kavu. Kuni mbichi ndizo mama wa moshi. Bomba nalo lisafishwe masizi, lisije likaziba."

Kituo cha afya walimpa Bibi Dorotea dawa ya macho, wakamwonyesha namna ya kuitia. Jicho la kulia waligundua lina mtoto wa jicho. Walimwandikia aende hospitali Mwanza. Nathaniel alimpokea kivukoni, na jicho likafanyiwa upasuaji. Mwanawe alitaka abaki Ilemela, lakini Bibi aliomba aone kwanza jiko lake likiwashwa. Bibi aliporudi Igunguli, kikohozi kilikuwa kimepungua. Jicho la kushoto lilibaki na wekundu kidogo, na hakuna aliyelisema.

Jioni jiko lilipowashwa kwa mara ya kwanza, watu walitazama juu badala ya kutazama moto. Moshi mwembamba ulitoka juu ya paa, ukaelekea ziwani. Ndani, Sabina alikuwa amekaa karibu na Bibi, anakula kiazi, na macho yake makavu.

Shamsia alikula pamoja nao. Alipoinuka kuondoka, Bibi alimshika.

"Unatembea mbali kila siku, nami nina vyumba vitupu. Kwa nini usikae hapa?"

"Bibi, mimi ni Mwislamu. Sitakusumbua? Wakati wa Ramadhani nitaamka kula daku."

"Kwani mimi nalala sana? Tutaamka wote. Nitakupikia uji."

Shamsia alihamia Jumamosi iliyofuata, na godoro lake likaletwa kwa pikipiki ya Mihayo. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, Bibi aliamka kweli, akapika uji. Jioni Suzana alileta samaki, wakafuturu pamoja. Nyumba tano za kijiji zilikuwa zimejenga jiko la namna ile, na zahanati ilikuwa na muuguzi aliyeweza kuitwa wakati wowote.

Nathaniel alikuja baada ya Idi, na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Alimkuta jikoni na Sabina, wanachambua mchicha. Alikula hadi akafungua mkanda. Shamsia alirudi kutoka kazini, akaamkia, akaingia chumbani kwake kama mtoto wa nyumba.

"Mama," Nathaniel alisema, "mimi nimekuja kukuchukua."

"Nani atampikia Shamsia? Na huyu je?" Bibi alimwonyesha Sabina. "Mwanangu, mimi nina watu."

Nathaniel alilisogeza begi kando. Alitazama jiko, ua na ziwa. Chumba chake cha Ilemela hakikuwa na hata nafasi ya kuanika nguo.

"Mama," aliuliza mwishowe, "chumba changu bado kipo?"

"Kipo," Bibi Dorotea alisema, akimwongezea ugali. "Lakini ukikitaka, sema mapema. Mwalimu mpya wa shule ameshakiulizia."