Pazia la Mablanketi Sita

Haya yalimkuta wifi yangu, mke wa kaka yangu, na mimi mwenyewe nina mkono wangu humo, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Mimi ni fundi cherehani. Yeye ni nesi wa zamu ya usiku, wodi ya kina mama wagonjwa, vitanda ishirini, manesi wawili. Kaka ni dereva wa malori. Akiondoka leo, kumwona ni baada ya wiki tatu.

Chumba chao kinatazama barabara. Anayefanya kazi usiku analala mchana, na mchana mtaa ule haulali. Chini ya dirisha yupo fundi wa kuchomelea mageti, na mashine yake ya kukatia chuma unaisikia mpaka kwenye meno. Kando yake pikipiki zinasubiri abiria zikinguruma bure. Halafu anapita muuza sumu ya panya na kipaza sauti alichojirekodi: panya, mende, kunguni, viroboto, panya, mende, kunguni, viroboto. Ilifika mahali wifi anaitamka hata akipiga mswaki.

Tungeishia kucheka, lakini mwezi ule nusura amchome mgonjwa sindano ya mwenzake. Alishtuka sindano iko tayari mkononi. Metroni akampa barua ya onyo: kosa lingine moja, kazi huna. Alinionyesha ile barua akiwa amesimama, maana akikaa tu anasinzia.

"Wifi, nishonee chochote," akaniambia. "Nishonee hata kaburi, mradi liwe kimya."

Dirisha la vioo viwili tuliuliza bei, ikatushinda. Tukaanza na tulichonacho. Nilikata tyubu ya tairi vipande vyembamba nikabandika kuzunguka fremu, kwa sababu panapopita hewa ndipo inapopita kelele. Chini ya mlango tukaweka tambara la kuviringisha. Kabati la nguo tukalisukuma kwenye ukuta wa barabarani, mgongo ukaniuma siku mbili. Jirani akashauri trei za mayai. Tulibandika ukuta mzima na hazikusaidia kitu, chumba kikanuka banda la kuku. Kilichobaki ni pazia zito.

Kesho yake asubuhi wifi akatoka kazini na furushi. Mablanketi sita ya kijivu ya hospitali, yaliyotengwa yachomwe moto kwa uchakavu. Yalikuwa mazito kweli. Kila moja lilikuwa na namba ya kitanda pembeni, imeshonwa kwa uzi mwekundu uliopauka.

"Yamefuliwa?" nikamuuliza.

"Yamechemshwa. Acha kinyaa, shona."

Nikashona mawili mawili, tabaka tatu. Zile namba ilinipasa nizifumue. Niliona uvivu, nikazikunjia ndani ya upindo.

Tulipolitundika, mtaa ulizimika. Sisemi kelele zilipungua. Zilizimika. Wifi alikaa kitandani akalia, machozi ya uchovu tu, kisha akalala na viatu vyake. Nilimvua nikaondoka kwa kunyata, nikijisifu njia nzima.

Siku tatu alilala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Siku ya nne, saa sita mchana, alinipigia simu akinong'ona.

"Njoo. Usibishe hodi."

Nilimkuta ameketi kitandani, daftari mapajani. Akaniashiria nikae. Nikakaa. Mwanzo sikusikia kitu. Baadaye nikasikia mtu anavuta pumzi, taratibu, mtu aliyelala. Halafu mwingine. Zilitoka kwenye pazia.

"Ni upepo," nikasema.

"Dirisha umeliziba wewe mwenyewe. Upepo unatoka wapi?" Hakuonekana kuogopa, na hilo ndilo lililonitia hofu. "Nimewahesabu, wifi. Ni sita."

Ndipo akanieleza kitu cha kazini kwao ambacho hakuwahi kunieleza. Wodini, mgonjwa akikata roho, kabla hata ya kumwita daktari, nesi anafungua dirisha lililo karibu na kitanda. Analiacha wazi mpaka mwili utolewe. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini. Waliwakuta wakubwa wao wanafanya hivyo, nao wakafanya. Na blanketi lililomfunika mtu akikata roho halirudi kitandani, linatengwa na kuandikwa limechakaa.

"Na sisi tumeyachukua hayo hayo tukayazibia dirisha," nikasema. Nikanyanyuka. "Tulitoe sasa hivi."

"Hapana."

"Wifi."

"Usiku kucha napita kitanda hadi kitanda kusikiliza kama wanapumua. Hapa nawasikia wote nikiwa nimelala. Mtu anapumua, hajafa. Unajua raha yake wewe? Niache nilale."

Nilimwacha. Hilo najilaumu mpaka leo. Nilikuwa nimechoka, nina sare za shule thelathini mezani, na nilijiambia mtu mzima anajua anachofanya.

Siku ya tano walikuwa watano. Siku ya sita, wanne. Aliniandikia ujumbe kila mmoja aliponyamaza, na namba ya kitanda chake. Hakuwa akilala tena. Alikuwa akikaa na daftari, anahesabu pumzi kwa dakika, mchana kutwa, kisha anavaa sare anakwenda kuhesabu nyingine. Nilimwambia afungue dirisha. Akajibu kwamba nesi hafungui dirisha mgonjwa akiwa hai.

Siku ya tisa hakuandika. Hakupokea simu.

Nilifunga duka nikaenda. Mlango haukuwa umekomewa. Alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, daftari sakafuni. Chumba kimya. Pumzi moja tu ikitoka kwenye pazia.

Nikamtazama kifua. Kikapanda pazia lilipovuta. Kikashuka liliposhusha.

Nikasubiri. Pazia likanyamaza. Kifua kikatulia.

Nikahesabu. Kumi. Ishirini.

Likavuta. Akavuta.

Nikamtikisa. Alikuwa wa baridi. Nikamwita jina lake, nikamzaba kofi. Hakuna. Pazia likashusha pumzi, ndefu, pole pole, likanyamaza. Nikahesabu thelathini. Arobaini.

Wembe wa kufumulia huwa haunitoki mfukoni. Nikauchomeka juu kabisa kwenye mshono wangu nikaushusha mpaka chini. Nikabandua tyubu kwa kucha. Nikasukuma dirisha kwa bega, likafunguka.

Mtaa ukaingia wote. Mashine ya chuma, pikipiki, panya, mende, kunguni, viroboto. Nyuma yangu wifi akavuta pumzi kwa kishindo, akakohoa, akakaa. Akauliza saa ngapi, eti amechelewa kazini. Nikamkumbatia nikalia kwa sauti, na fundi wa mageti akainua kichwa kutuuliza kuna nini.

Mablanketi niliyachoma jioni ile ile uwanjani. Kabla ya kuyachoma nilifumua upindo, namba nikaziona zote sita. Wifi alilala siku mbili mfululizo, dirisha wazi, kelele zote zikimpigia masikioni. Sasa amehamishiwa kliniki ya mchana. Barua ya onyo imebaki moja ile ile, na usiku analala kama watu.

Kitu kimoja tu sijamwambia. Siku ile nilichukua shuka alilokuwa amejifunika kwenda kulifua. Ni shuka nililomshonea mimi, zawadi ya harusi, jeupe, halina urembo. Nilipolianika niliona kitu pembeni. Namba, uzi mwekundu, ule wa kupauka kwa kufuliwa miaka mingi. Mimi ni fundi, uzi mpya na wa zamani siwezi kuchanganya.

Wodi ile ina vitanda ishirini. Hii ilikuwa ishirini na moja.

Niliifumua kwa wembe. Asubuhi ikawepo tena. Nimeifumua mara nyingi, sihesabu tena. Shuka liko sandukuni kwangu, na sanduku nimeliweka chini ya dirisha ambalo silifungi, hata mvua ikinyesha.

Wifi bado ananidai shuka lake. Namwambia kuna mahali limechanika, nalishona.