Mkanda wa Kuvuta, Kola ya Kutembea

Gunnvor alikuwa mjane, na theluji ilikuwa furaha yake. Majira yote ya baridi alivaa miguuni mbao za kuteleza juu ya theluji, akamfunga mbwa wake Tussa mkanda wa kifuani, wakaingia msituni. Tussa alimvuta mbio. Uvivu hakuujua.

Theluji ikayeyuka. Gunnvor akamvisha mkanda uleule, wakaenda dukani kwa miguu. Tussa akavuta. Gunnvor akaburutwa, akaanguka, akateguka mkono.

Mwanawe, Sindre, akaja kutoka mjini. Hakuzungusha maneno. "Mama, huyu mbwa atakuua. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Gunnvor alilia. Katika nyumba ile hakuwa na mwenzake mwingine.

Jirani yake, Oddvar, alikuwa amefundisha mbwa wa kuvuta sleji, yale magari ya theluji yasiyo na magurudumu, kwa miaka mingi. Gunnvor akamlalamikia kwamba Tussa ana kichwa kigumu. Oddvar akacheka.

"Kichwa kigumu ni chako, jirani. Huo mkanda ni sare yake ya kazi. Wewe mwenyewe unamvalisha nguo za kazi, halafu akichapa kazi unamgombeza?"

Maneno yalimwingia. "Basi nifanyeje?"

"Mkanda utundike mpaka theluji irudi. Mvishe kola ya shingoni. Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimfokee. Ikilegea, nenda. Akitembea ubavuni mwako, mpe kipande cha soseji papo hapo, karibu na mguu wako."

Siku ya kwanza walitumia nusu saa kufika kwenye sanduku la barua, na si mbali hata kidogo. Wapita njia walitabasamu. Gunnvor hakujali, alisimama tena na tena. Wiki ya pili, Tussa alianza kumtazama usoni kabla ya kupiga hatua. Wiki ya tatu walifika dukani, kamba imelegea.

Mwisho wa mwezi Sindre alikuja na kizimba cha mbwa garini. Mama yake akamkabidhi kamba na soseji.

"Mpeleke wewe mpaka dukani. Mimi natembea nyuma."

Njiani paka akakatiza. Kamba ikakaza. Sindre akataka kuivuta.

"Simama tu," mama yake alisema.

Akasimama. Tussa akamwangalia paka, akamwangalia Sindre, kisha akarudi taratibu ubavuni mwake. Sindre akampa soseji, na uso wake ukalainika.

Jioni alirudi mjini na kizimba kitupu.