Ndugu wa Kiti cha Kushoto

Jambo la kwanza lililomtia Buberwa wasiwasi ni kwamba Thakorbhai, Mhindi wa duka la vitambaa pale Bukoba, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitafuna kahawa, siku hiyo alimkaribisha amwani, kahawa ya kutafuna ya Wahaya, kwa mkono wake mwenyewe. Tena punje moja tu. Buberwa aliitafuna bila kufikiri, maana Mhaya hakatai kahawa ya mwenyeji. Ndipo Thakorbhai akampa bure lile gari la Kiingereza la viti viwili, lililokaa bovu bandani miaka miwili, akasema akilifufua ni lake. Kazi ilikuwa nyingi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akalivuta kwa lori hadi karakana yake Muleba.

Nyumbani alikuwa na mkewe Jovita na Kokuhirwa, mtoto wa miezi mitano waliyemngoja miaka tisa. Fundi huyu, mkali kwa kila mtu, kwa mtoto yule alikuwa maji.

Siku ya tatu, saa sita mchana, kichwa kikiwa ndani ya boneti, alisikia mtu akitafuna kahawa kwenye kiti cha kushoto. Aliinuka akatazama. Kiti kilikuwa kitupu, lakini kimebonyea, na sakafuni kulikuwa na makapi yenye mate mabichi. Kesho yake ikaja harufu ya nguo iliyolowa, ikamfuata hadi nyumbani, ikaingia chumbani, na tangu saa hiyo Kokuhirwa akawa anageuza shingo kufuata kitu ambacho wazazi wake hawakukiona, akakataa ziwa, akakonda mpaka Jovita akimwosha akawa anafumba macho asizione mbavu.

"Baba Koku," Jovita alinong'ona, "kuna mtu anapumua kitandani kwa mtoto."

Buberwa alipanda basi hadi Bukoba. Thakorbhai alifunga mlango wa duka kwanza, kisha akasimulia huku akitazama sakafu. Gari lililetwa na mpima ardhi Mwingereza. Siku moja, njia ya Izigo, alimpakia mtu aliyelowa chapachapa ilhali mvua haikunyesha. Kwa shukrani mtu yule alipasua tunda la kahawa, akazipaka punje zake mbili damu ya kidole, wakala moja moja. Mwingereza alicheka tu. Hakujua kwamba huo ni omukago, udugu wa kuchanjiana, na ndugu wa omukago hanyimwi kitu nyumbani mwako. Wala hakujua kwamba aliyempakia ni jini. Mwingereza alizika mke, Nurmohamed aliyelichukua gari baada yake akazika mwana, kisha akamlisha Thakorbhai. Chini ya kiti cha kushoto punje moja haikosekani, na anayetaka kupona humlisha punje hiyo mwenye gari anayefuata.

"Geeta, binti yangu, alikuwa anakufa," Thakorbhai alisema. "Ulipotafuna tu, akaomba chakula. Nisamehe, fundi. Mtafute mwingine."

Buberwa alimchukia mzee yule njia nzima. Lakini alipofika, Kokuhirwa hakuweza tena kuinua kichwa, na asubuhi mtu wa kwanza kuingia karakana alikuwa Ishengoma, mdogo wake wa tumbo moja, aliyelitamani gari lile tangu lilipoletwa. Buberwa aliona aibu. Hata hivyo alimpa funguo, akampa na punje. Ishengoma akatafuna, akashukuru.

Buberwa alikimbia nyumbani. Jovita alikuwa ameketi mlangoni, mikono mitupu.

"Ndugu yako amekuja," alisema polepole. "Aliniomba mtoto ambebe. Sijui kwa nini nilishindwa kumnyima."

"Ishengoma?"

Jovita alitikisa kichwa, akatazama mlango wa chumbani uliofungwa. Harufu ya nguo iliyolowa ilikuwa imejaa nyumba nzima, na kutoka mle chumbani sauti ya upole ikasema:

"Wenzako walinipeleka kwa watu baki, nikalazimika kuhama. Wewe umenipeleka kwa mdogo wako, damu ileile. Asante, ndugu yangu. Sasa nina ukoo, sihami tena."