Kitufe cha Kuondoa Mizimu

Nilikwenda kufunga maji tu. Baridi ya Desemba ikiyakuta maji kwenye mabomba ya nyumba isiyo na mtu, mabomba hupasuka, na nyumba ya dada yangu Gunnvor haikuwa na mtu tangu tumzike mwezi wa tisa. Mjukuu wangu Jorunn akanifuata na kamera yake. Dalali alitaka picha za sebule kabla ya saa kumi na mbili jioni, nyumba itangazwe kesho yake.

Muuzaji ni mimi. Gunnvor kabla hajakata roho alinishika mkono akasema, usiiuze. Nikamwambia siuzi. Nilisema hivyo ili aniachie mkono.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeshazama nyuma ya mlima, nje umebaki ule weupe wa theluji. Dalali alitaka chumba kionekane na ghuba nje ya dirisha nayo ionekane. Jorunn akanieleza kama anayemweleza mbuzi: kamera haiwezi vyote kwa mara moja. Ukifuata mwanga wa chumba, dirisha linaungua na kuwa jeupe. Ukifuata dirisha, chumba kinakuwa giza. Basi unapiga picha tatu bila kusogeza kamera, ya giza, ya katikati na ya mwanga, halafu programu ya kompyuta inaziunganisha.

Kacha. Kacha. Kacha.

Kwenye kacha ya pili nikapita na birika la kahawa. Akalalamika kwamba nimemkatizia picha kama ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe hapiki kahawa.

Tukakaa jikoni na kompyuta yake. Alikuwa na programu tatu za majaribio, achague moja anunue. Ya kwanza ikatoa rangi za keki ya watoto, na dirisha limezungukwa na mwanga kama kichwa cha mtakatifu. Mimi nimo, nusu mtu, ukuta unaonekana kupitia tumbo langu. Jorunn akacheka mpaka akakohoa. Akasema wapiga picha wanakiita hicho mzimu: chochote kilichosogea kati ya picha moja na nyingine.

Kisha akaacha kucheka.

Kwenye kiti cha dirishani palikuwa na kitu.

Akazifungua zile tatu mojamoja. Kwenye ya giza, ukingo wa bega mbele ya dirisha, basi. Kwenye ya mwanga, sketi na kitu kimelala juu ya magoti. Juu ya hapo weupe wa dirisha umemeza kila kitu. Ukiitazama kila moja peke yake, ungesema ni mto na shali. Zikiunganishwa...

"Ni shali," nikasema.

"Bibi, shali haina vidole."

Programu ya pili ilikuwa nzito. Tukaisubiri. Wakati tunasubiri ikaja harufu ya kafuri kutoka sebuleni, ile ambayo Gunnvor alijichua nayo magoti miaka ishirini. Nilimwona Jorunn anaivuta puani. Picha ikatoka ya kijivu, na kitini sasa palikuwa na umbo la mtu.

Ya tatu ilikuwa na kitufe. Jorunn akanisomea: ondoa mizimu. Kidogo, wastani, sana.

Nikamwambia abonyeze.

Kidogo: tumbo langu likatoweka. Wastani: nikatoweka mzima pamoja na birika, na pazia lililokuwa likipepea likanyooka. Kitini uso ukaanza kujitokeza.

"Bonyeza sana," nikasema.

Akabonyeza.

Gunnvor.

Mpaka kifungo cha kola. Mpaka ufa wa mdomo wa chini.

"Haimwondoi," Jorunn akanong'ona. "Inaondoa kinachosogea. Yeye... hakusogea."

Mashine ilitutazama sote wawili, mimi na dada yangu, ikaamua mzimu ni mimi.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi nyuma yetu. Hakuna aliyegeuka.

Saa kumi na mbili ilikuwa imekaribia. Jorunn akaniuliza atume ipi. Angeweza kutuma ya kwanza, yenye rangi za keki, mtu adhani ni shali. Nikafikiri juu ya mtu atakayeinunua nyumba hii, ateremke asubuhi na soksi zake kwenda kuwasha jiko, amkute Gunnvor kitini. Nikamwambia atume ya tatu.

Dalali akapiga simu baada ya dakika tano. Dirisha amelipenda, ghuba ameipenda. Aliomba kitu kimoja tu: irudiwe, na mama aondoke kitini, kwa sababu wanunuzi hupenda chumba kitupu.

"Mimi sikukaa kitini," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, kama wanavyotucheka sisi wazee. Nikamwambia nyumba haiuzwi tena. Akauliza sababu. Nikasema ina mtu.

Maji sikuyafunga. Nilihamia wiki ile ile. Kile kiti sikikalii, nina changu, upande wa pili wa dirisha. Hatusemeshani, kama zamani. Jorunn aliinunua programu ya tatu, anasema kwa harusi haina mpinzani, ila kile kitufe hakigusi.

Majuzi alikuja kunipiga picha. Nikakaa wima, nikashika pumzi, nisije nikaondolewa tena.

Kacha. Kacha...

Ya tatu haikulia. Jorunn alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kamera, ananitazama kama alivyomtazama Gunnvor kwenye ile picha.

"Bibi," akasema polepole. "Tikisika kidogo."