Viwavi wa Bibi Gu

Kila asubuhi kabla ya kengele kulia, Suyin na Peirong walipita kando ya mfereji kuchuma majani ya mforosadi. Peirong ndiye aliyekuwa mkali. Jani lenye umande alilifuta kwa taulo pande zote mbili, kisha akalinusa kabla ya kulitia kapuni.

"Unanusa kama mama mkwe anayekagua mboga za mkamwana," Suyin alimtania.

"Watoto wakila majani yenye maji wanaharisha. Wewe ukiharisha utakimbilia chooni. Wao watakimbilia wapi?"

Hao "watoto" walikuwa viwavi wa hariri. Ndivyo alivyowaita Bibi Gu, bibi yake Peirong. Majirani walipokata miforosadi yao na kwenda kufanya kazi viwandani, yeye alibaki na nyungo zake za kulelea viwavi. Alifuga mbegu yake mwenyewe, ile inayosokota vifukofuko vya manjano, mbegu aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Kijiji kizima hakikuwa na mwingine mwenye mbegu hiyo. Majira ya baridi yaliyopita Bibi Gu alifariki dunia, akamwachia mjukuu wake karatasi moja iliyogandwa na mayai madogo kama punje za ufuta.

Mwaka huo Mwalimu Fei alikuwa akifundisha darasa lao ustaarabu wa kale wa China, na wanafunzi walikuwa wakipiga miayo. Wafalme wa kale, vyombo vya shaba, kuta za udongo: yote hayo waliyaona yako mbali kuliko mwezi. Siku moja mwalimu alifunga kitabu.

"Watu hawa hawakuishi kitabuni," alisema. "Waliamka alfajiri, wakachuma majani, wakalisha viwavi, wakaumwa migongo. Nani kwao bado wanafuga?"

Mkono mmoja tu ulinyooka, tena kwa woga.

Hivyo ndivyo mayai ya Bibi Gu yalivyoanguliwa nyuma ya darasa. Miayo ilikwisha. Hata Dekai, bingwa wa kuchelewa, alianza kuwahi ili asikie viwavi wakitafuna, sauti kama ya manyunyu juu ya paa. Peirong aliwafundisha wote miiko ya bibi yake. Asiyenawa mikono asiwaguse. Aliyekula vitunguu saumu akae mbali. Moshi wa aina yoyote ni marufuku, na neno kifo lisitamkwe kamwe mbele ya nyungo.

Mwezi wa tano shule ilifungwa kwa mapumziko mafupi. Peirong alitakiwa kwenda na baba yake kumwona mama yake, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa mbali. Viwavi walikuwa wamenenepa, karibu waanze kusokota, na hawakuweza kusafirishwa. Peirong alichuma majani ya kutosha, akayafuta yote, akayapeleka nyumbani kwa Suyin pamoja na nyungo.

"Dekai alijitolea," alisema, "lakini nimekataa. Nataka wakae kwako."

Jioni ya pili kulikuwa na joto kali, na mbu walikuwa hawana adabu. Mama yake Suyin alikuwa kazini. Suyin alikuwa akitazama filamu kwenye simu, mkono mmoja umeshika simu, mwingine ukijikuna miguu. Rafuni palikuwa na dawa ya mbu, ile ya kuchoma iliyozungushwa kama konokono. Alijua haifai. Hakuna aliyejua hilo zaidi yake, ukimtoa Peirong. Akavuta pazia kati yake na nyungo, akavunja kipande kidogo, akakiwasha.

"Hiki kidogo tu," alijiambia. "Filamu ikiisha nakizima."

Filamu haikuisha kabla ya usingizi kumchukua.

Asubuhi viwavi walikuwa wakitupa vichwa huku na huku, wakitapika maji ya kijani. Suyin alifungua madirisha yote. Aliwapepea kwa daftari, akawabadilishia majani, akawaomba radhi mmoja mmoja. Ilipofika saa sita mchana hakuna hata mmoja aliyetikisika. Alikusanya majivu ya dawa, akayamwaga mferejini.

Siku ya kufungua shule, darasa zima lilizunguka nyungo.

"Wamekufa wote?" Dekai aliuliza.

"Usitaje neno hilo mbele yao!" Peirong alifoka. Halafu akaona jinsi walivyolala.

"Suyin, kumetokea nini?" Mwalimu Fei aliuliza taratibu.

Suyin alihisi macho yote yamemwelekea. "Sijui, Mwalimu. Niliwalisha yale majani niliyoletewa. Labda... labda yalikuwa na dawa ya mashamba."

Alisema labda tu, lakini labda hiyo ilitosha. Peirong aliukunja uso kama mtu anayehesabu. Ni kweli, safari hii alikuwa amechuma pia kwenye safu iliyo karibu na mashamba ya mpunga.

"Kumbe ni wewe uliyewalisha sumu!" Dekai alisema. "Na kelele zote zile za kufuta na kunusa!"

Peirong alichukua mkoba wake, akaenda nyumbani, na kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa. Suyin alipita peke yake kando ya mfereji, na njia aliyoizoea ikawa ndefu. Hatimaye alikwenda kwa akina Peirong, huku akijiambia kwamba anampelekea rafiki yake kazi za shule tu.

Alimkuta Mwalimu Fei sebuleni na baba yake Peirong. Chai ilikuwa imepoa mbele yao.

"Hali chakula," baba alikuwa akisema, sauti imemkauka. "Anasema mkono wake una sumu. Kila asubuhi anakwenda kaburini kumwomba bibi yake msamaha. Mtoto wangu ananiishia hivihivi, Mwalimu."

"Lawama ni zangu," alisema Mwalimu Fei. "Nilichukua urithi wa watu nikaufanya somo."

Peirong alikuwa ameketi pembeni, mikono ameikalia. Suyin alimtazama, na kile alichokibana kifuani siku zote hizo kikafumuka.

"Ni mimi! Niliwasha dawa ya mbu. Majani yalikuwa mazima. Nilidanganya, Peirong, niliogopa!"

Peirong aliinua uso pole pole.

"Uliniona nikiondoka darasani," alisema. "Uliniona, ukanyamaza."

Suyin alilia kwa kwikwi. Hakuna aliyembembeleza. Baadaye Mwalimu Fei alimwita karibu.

"Suyin, moshi ulikuwa uzembe. Hata wazee wetu walizembea, ndiyo maana wakaweka miiko. Lakini ile 'labda' yako uliichagua ukiwa macho. Huo ustaarabu ninaowafundisha haukutufikia kwa sababu ya wafalme. Ulitufikia kwa sababu watu wa kawaida walipokezana walichonacho kwa uaminifu, na aliyeangusha kitu alisema, ni mimi niliyeangusha, ili wengine wajue pa kushika. Mbegu ya Bibi Gu imekatika. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini ukweli uliousema leo umemrudishia rafiki yako mikono yake. Kesho utausema tena mbele ya darasa zima."

"Ndiyo, Mwalimu."

Peirong alisimama. "Nimemwomba Bibi msamaha kwa kosa lisilo langu," alisema. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Walikwenda wote wanne. Kaburi lilikuwa nyuma ya kijiji, penye mteremko. Suyin alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, akaanza kunong'ona.

"Sema kwa sauti," Peirong alimwambia. "Bibi alikuwa hasikii vizuri."

"Bibi Gu!" Suyin alipaza sauti, nayo ikamkatikia njiani. "Ni mimi Suyin! Mimi ndiye niliyewasha moshi! Majani ya Peirong yalikuwa safi! Bibi, yalikuwa safi!"

Hapo Peirong, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu siku ile darasani, alikaa chini kwenye nyasi akalia. Suyin hakuthubutu kumgusa. Alikaa kando yake hadi alipomaliza, na walipoinuka kurudi, Peirong hakumshika mkono, lakini alimsubiri.